Mbio Zilizobaki Masikioni

Wanangu, mnaniita mzee. Shikamoo zenu nazipokea, hata zile mnazonipa mkiwa mbioni, lakini niwaambie ukweli: sina uzee huo. Nina goti. Goti ndilo lenye miaka themanini. Mimi mwenyewe niko kwenye hamsini za mwanzo, na wapo wanaume wa umri wangu hapahapa Ipagala, Dodoma, ambao bado wanatuma posa.

Kila jioni mnaniona nimekaa pembeni ya uwanja nawatazama mkicheza besiboli. Mwanzoni sikuelewa kitu, nilidhani ni rede iliyopewa fimbo. Baadaye nikaelewa. Mtu anaupiga mpira kwa gongo, halafu anakimbia kuwahi ule mfuko mweupe uliowekwa chini, mnaouita besi. Akifika kabla mpira haujamfikia mlinzi wa pale, yuko salama. Mpira ukimtangulia, anatoka. Basi. Mchezo wote ni ugomvi wa mguu na mpira, nani kafika kwanza. Nikasema, aa, hii kazi naijua. Hii nimeifanya Kibaigwa, kwenye soko la mahindi.

Halafu siku ile mkabishana nani ana mbio kuliko wote. Mkamchagua yule anayekimbia kama anafukuzwa na nyuki, mikono huku, kichwa kule, vumbi mpaka kwenye nguo za watu zilizoanikwa. Kocha wenu, Mwalimu Neema, akatoa saa yake akawapima. Saa ikasema mwenye mbio ni mwingine, yule mrefu anayekimbia kama katumwa chumvi. Mkafanya nini? Mkamkatalia! "Mwalimu, hiyo saa betri imekufa!" Mwalimu alicheka. Mimi sikucheka. Ujana wangu wote ulipita katikati ya ukweli wa miguu na macho ya watu, na mara nyingi macho ndiyo yalishinda.

Mwalimu Neema ndiye aliyeniambia niandike. Nikamwambia shule yangu iliishia darasa la nne, ng'ombe wa baba walinihitaji kuliko mwalimu. Akasema andika unavyoongea. Haya, naandika ninavyoongea, na majina nitayataja.

Nyinyi mnaijua Kibaigwa ya geti. Lori la mahindi likifika linasimama, linapewa namba, linangoja zamu kama mgonjwa wa zahanati. Enzi zetu hakukuwa na geti. Lori lilitoka huko Kiteto limejaa, utingo amekaa juu ya magunia kama mtemi, linafika, linaacha lami, linaingia kwenye udongo kuelekea sokoni. Pale linapoacha lami linapunguza mwendo. Hapo ndipo tulipokuwa tunangoja sisi.

Kila genge la wabeba magunia lilikuwa na mkimbiaji wake, mmoja au wawili. Kanuni haikuandikwa popote na hakuna aliyeivunja: kiganja cha kwanza kugusa bodi ya lori, genge la kiganja hicho ndilo linashusha mzigo. Tuliita kushika gari. Mkifika wawili pamoja, mwamuzi ni utingo, kwa sababu yuko juu na anawaona mnavyokuja. Neno la utingo halikatiwi rufaa.

Na mkimbiaji, sikilizeni hapa, alikuwa habebi gunia. Wenzake wanainama chini ya lumbesa, lile gunia lililojazwa likashonewa na kilemba, shingo zinaingia mabegani kama kobe. Yeye anakaa kivulini, amenyoosha miguu, anasikilizia honi. Siku ukipoteza nafasi ya kukimbia hurudi nyumbani kwako kupumzika. Unarudi chini ya gunia. Hilo liwekeni kichwani, maana kila nilichofanya na kila nilichofanyiwa kilitokana na hapo. Sikutaka kurudi chini ya gunia.

Aliyenifundisha ni Juma, Mrangi wa milimani kule Kondoa, mtu wa swala tano na maneno machache. Nilimkuta mimi nikiwa kijana wa ishirini na kitu, miguu mirefu, akili fupi. Siku ya kwanza kujaribiwa nililifukuza lori kwa nguvu zangu zote, nikalipita, nikajikwaa, nikaangukia ndoo ya maharage ya mama lishe. Soko zima lilicheka. Mama mwenyewe akaniambia, "Elia, kama una njaa si ungesema tu?" Juma akaniinua, akanipangusa maharage mgongoni.

"Wewe Mgogo, ulikuwa unamfukuza nani?"

"Gari, kaka."

"Gari halifukuzwi. Gari linapokelewa kama mgeni. Unatazama atapita wapi, unatangulia hapo, anakukuta."

Basi akanifunza. Usitazame lori zima, ni kubwa, litakutisha. Tazama tairi la mbele. Likianza kukata kona, bodi umeshajua itapita wapi. Mtazame dereva bega la upande wa gia. Likishuka, anabadili gia, lori litapumua kidogo, na hapo ndipo pa kuondokea. Anayengoja mpaka aone lori limepungua mwendo, huyo kachelewa, akanywe chai. Nawaona nyinyi mnavyotaka kuiba besi, kuikimbilia kabla mpira haujapigwa, mnamtazama mrushaji mkono. Mtazameni kisigino. Mkono una uongo mwingi, kisigino hakijui kudanganya.

Kingine alichonifunza ni vumbi. Ardhi yetu hii ukiikanyaga vibaya inaruka. Vumbi ni mguu ulioteleza, ni nguvu iliyokwenda nyuma badala ya kukupeleka mbele. Juma alikimbia kama mtu anayekatiza kwenye mkeka wa wageni. Nami nikajifunza hivyohivyo, mpaka watu wapya wakawa wanauliza, yule mvivu ni nani? Wakati wanauliza, kiganja changu kimeshafika.

Sasa namtaja wa kwanza. Genge la ng'ambo mkimbiaji wao alikuwa Daudi, tulimwita Kimbunga. Yupo mpaka leo, ana duka la vipuri vya pikipiki, na akisoma haya asome vizuri. Alikuwa mfupi, miguu inapiga kama cherehani, na tangu anapoondoka anapiga kelele, "Langu! Langu! Langu!" Nilimzidi. Nilikuwa namwacha. Lakini siku tukifika sawa, au mimi nimemtangulia kwa upana wa kiganja tu, anapewa yeye. Siku moja nilipanda juu ya magunia nikamfuata utingo, jina lake Shaibu.

"Shaibu, nimefika mbele yake! Umeona kwa macho yako!"

"Nimeona vumbi lake limefika kwanza."

"Vumbi linashusha mahindi?"

"Sasa kaka Elia, nikuulize wewe. Ulikuwa unakimbia, au ulikuwa unapita tu na safari zako?"

Kimbunga chini anashikilia mbavu kwa kicheko. Mimi nilishuka nikakaa, nikasema moyoni, kumbe haki ya mtu, ya pumzi yake mwenyewe, inapimwa kwa vumbi. Tangu siku ile nikajua namna ya kumpima mtu, na nyinyi ichukueni. Ukitaka kujua nani ana mbio, usitazame miguu wala mikono, vinakuchezea. Chagua kitu kilichosimama nyuma yake, nguzo, mwarobaini, halafu tazama kichwa chake kinavyokipita. Kichwa ndicho kinachosafiri. Vingine ni ngoma.

Tulienda hivyo misimu mingi, mimi na Juma tukipokezana magari. Asubuhi moja ya mavuno akaja na ngata ya matambara begani, ile ya kuwekea gunia. Nikadhani amembebea mtu.

"Kimbia wewe," akaniambia.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Kaka, bado una mbio. Juzi tu umeshika gari."

"Ninazo masikioni," akasema. "Miguuni zimekwisha."

Akaenda akainama, wakampandishia gunia. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemsema. Nilimwona mjinga. Nilimwona kama mtu aliyevua viatu vizima akavitupa jalalani.

Nikaja kuelewa nimeshachelewa, na hili ndilo hasa ninalotaka mlielewe mapema. Mbio ukiwa ndani yake hazizeeki. Upepo masikioni ni uleule, moyo unapiga vilevile, mate yana ladha ileile ya chuma. Wewe unajisikia uko kama ulivyokuwa. Anayeona ni aliye nje, na aliye nje anaona vumbi. Kumbe mwili umeshaanza kuchota kidogo kidogo tangu miaka ya ishirini na kitu inapoisha, kama panya kwenye kihenge, hutajua mpaka siku unapoingiza mkono ukagusa sakafu. Na hauchoti katikati ya mbio. Unachota pale mwanzo, ile hatua ya kwanza ya kuondoka. Kijana anaondoka pamoja na wazo. Mtu mzima wazo linaondoka, miguu inauliza, "Umesema twende?"

Kwa ujanja unaweza kuificha hali hiyo. Mimi niliificha miaka. Nilikuwa nimeshajua kila dereva na kona yake, naondoka mapema kabla vijana wa magenge mengine hawajashituka. Lakini ujanja nao una kikomo chake.

Na mimi nilikuwa na balaa jingine. Kimbunga alipoanza kuchoka kila mtu aliona. Vumbi lilipungua, kelele zikakatika katikati, "Langu! La..." anakohoa. Wakamtania, akaona aibu, akaacha akafungua duka. Vumbi lilimsaidia hata hapo, mshenzi yule. Mimi tangu ujana nilikuwa sionekani kama ninakimbia. Sasa nikipungua, nani atajua? Nilipokuwa mwepesi waliniona mzito, na nilipokuwa mzito waliniona vilevile.

Aliyejua ni mmoja, Lameck, mkuu wa genge letu. Huyu namtaja kwa herufi kubwa. Lameck alikuwa mtu wa kujali watu, wote watawaambia hivyo, alimzika baba yangu kama baba yake. Nilipokuwa nakaribia arobaini nilianza kupoteza magari. Nikawa na sababu zangu: injini za siku hizi, madereva vijana hawana adabu, jua. Jioni moja nikamwuliza tukiwa tunakunywa uji.

"Lameck, nikwambie? Naona kama magari yamekuwa mepesi."

Akakoroga uji. "Ni barabara, kaka. Wameitengeneza."

Angeweza kusema hapo. Mdomo ulikuwa wake, uji ulikuwa wa kwangu, tulikuwa wawili tu. Akasema barabara.

Msimu uliofuata, wanangu, miguu yangu ilirudi. Nilishika magari kama kijana. Lori linatoka kwenye lami linakata kona likija upande wangu, linapunguza, nanyoosha kiganja, pa! Na tukifika sawa na kijana wa genge jingine, utingo juu anaita, "Elia!" Nilimwambia mama lishe, yuleyule wa maharage, "Umeona? Wanasema mtu anazeeka. Mimi nakomaa." Akanipa chai. Wenzangu walikuwa wananipigia makofi. Mpaka Shaibu aliyeniona napita na safari zangu, sasa ananiita kwanza. Niliimba njia nzima nikirudi nyumbani. Sijawahi kuwa na furaha kama msimu ule, na hiyo ndiyo sababu siwezi kuusamehe.

Kwa maana walikuwa wamepanga. Lameck alikwenda kwa madereva wote wa kawaida, mmoja mmoja, na kwa matingo wao: mpunguzieni kaka yetu, pindeni upande wake, muiteni yeye. Wakakubali kwa kumpenda yeye na kunihurumia mimi. Genge zima lilijua. Vijana wa magenge mengine walijua, wakanung'unika, wakanyamaza. Kimbunga kule dukani kwake alijua, na nimeambiwa alicheka mpaka akakaa chini. Soko zima lilikuwa linanipunguzia mwendo, na mimi katikati yake najiona swala.

Ikaja siku lori geni kutoka upande wa Singida. Dereva hatumjui, hajui Elia ni nani wala hana sababu ya kujua. Nikaona tairi linakata, nikaona bega linashuka, nikaondoka pale nilipozoea kuondokea msimu ule. Likapinda kwa haki yake. Halikuja upande wangu. Halikupumua. Nikaona bodi inanipita mbele ya vidole, na mtu mwenye akili angeacha. Lakini mimi nilikuwa najua kwamba nina mbio. Nilikuwa na ushahidi wa msimu mzima! Nikaongeza, nikajinyoosha, nikadaka mnyororo wa bodi ya nyuma. Mkono ukashika, miguu ikakataa. Nikaburutwa, goti likagonga jiwe, likapinda upande ambao Mungu hakuliwekea bawaba.

Juma alikuja hospitali mjini Dodoma, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, kofia mkononi. Ndiye aliyeniambia yote, jinsi walivyopanga. Nilimsikiliza mpaka mwisho.

"Na wewe ulijua?" nikamwuliza.

"Nilijua."

"Wewe uliyenifundisha kulipokea gari. Ukaniacha nipokee uongo msimu mzima."

"Elia, kama ningekwambia, ungeamini?"

"Ungeniambia kwanza! Ndipo tungejua!"

Akainama, akanirekebishia shuka miguuni kama mtu anayemfunika mtoto. Nilimfukuza. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa kwa sababu Mwalimu Neema atayasoma. Sasa amezikwa Kondoa, mlimani juu, ambako goti langu halipandi.

Kwa hiyo nawataja. Lameck aliyepanga. Shaibu aliyeita jina langu kwa huruma baada ya kuninyima lilipokuwa haki yangu. Kimbunga aliyecheka. Na Juma aliyejua, ambaye ni wa mwisho kwa sababu ndiye mzito kuliko wote. Watu huniambia, Elia, acha, walikupenda. Ndiyo, walinipenda. Mnadhani hilo linapunguza kitu? Ningeambiwa "umepungua," ningetukana, ningelia, ningenuna mavuno mazima. Halafu ningechukua ngata. Ningekuwa chini ya gunia, shingo kama kobe, lakini ningekuwa natembea kwa miguu miwili kando ya Juma, na tungeshusha mahindi pamoja miaka iliyobaki. Hicho ndicho walichoninyima. Si mbio. Mbio zilikuwa zimeshaondoka, hakuna aliyeziiba.

Sasa nalinda nyumba za watumishi zinazojengwa huku, nalala kwa mtoto wa dada yangu, na Kibaigwa wameweka geti. Niliwahi kupita mwaka uliopita nikitoka Morogoro. Gari lilisimama nikashuka kununua maji, nikatazama pale panapoacha lami. Malori yamejipanga kimya, madereva wanachezea simu. Hakuna aliyesimama na kiganja wazi. Likapiga honi moja huko nyuma, na miguu hii, wanangu, hii hii mnayoiona, ikakaza. Wazo likaondoka. Nikasimama pale na chupa ya maji nikitetemeka kama ng'ombe aliyesikia mvua ya mbali. Ningempa mtu chochote nilicho nacho anirudishie asubuhi moja tu, ya ukweli, hata kama ni ya kushindwa.

Sasa nije kwenye Jumamosi iliyopita.

Jumamosi mliniita uwanjani. "Mzee Elia, njoo upige hata mmoja!" Nikakataa, mkanivuta, Mwalimu Neema akanishikisha gongo. Nikaupiga, sijui niliupigaje, ukaenda ukibingiria kwa Zuhura, mlinzi wa katikati ya uwanja. Nanyi nyote mkapiga kelele, "Kimbia! Kimbia, mzee!" Nikakimbia. Kwa goti hili, nikakimbia, na nikausikia upepo masikioni, uleule wa Kibaigwa, haukupungua hata chembe. Nikaukanyaga ule mfuko mweupe. Salama! Mkanirukia, mkanishika mikono, mmoja akasema mzee bado yumo.

Zuhura, mwanangu, wewe ndiye mwenye mkono wa nguvu kuliko wote pale, wasichana kwa wavulana. Mpira ulikufikia nikiwa sijatimiza hata nusu ya njia. Nilikuona. Ulikuwa nao kwenye glovu, ukainama ukajifanya unautafuta kwenye majani. Na majani yenyewe uwanja ule hauna. Ukamtazama Mwalimu, Mwalimu akatazama pembeni.

Najua mlifanya kwa moyo mzuri. Nililala macho wazi na huo moyo wenu mzuri.

Jumamosi hii naja tena. Nitaomba gongo mimi mwenyewe, hamtanivuta. Nikiupiga nitakimbia kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo, na masikio yangu yataniambia mimi ni kijana, kama kawaida yake. Wewe Zuhura usinitazame usoni. Okota mpira, rusha.